Mandhari Kama Mhimili wa Hadithi: Funzo Kutoka Hadithi za Picha za Kisayansi

Walimu wengi wa shule za msingi huanza somo la utungaji kwa tukio. Mtoto huulizwa ni jambo gani lilitokea, nani alilitenda, na mwisho wake ukawaje. Mahali pa hadithi hupewa sentensi moja ya mwanzo, kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji kimoja, na baada ya hapo kijiji hicho hakitajwi tena. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba utaratibu huo una upungufu mkubwa. Mandhari, yaani mahali na wakati wa hadithi pamoja na hisia itokayo mahali hapo, yaweza kuibeba hadithi nzima mabegani mwake. Mwalimu asiyelijua hilo aweza kumvunja moyo mtoto mwenye kipaji bila kukusudia.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kufanya kosa hilo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya kijijini huku Usukumani. Niliwataka wanafunzi watunge hadithi fupi ya picha kuhusu maisha yatakavyokuwa baada ya miaka 100. Wengi walichora roketi, bunduki, na majitu ya chuma yakipigana juu ya maghorofa ambayo hapana hata mmoja wao aliyepata kuyaona. Mtoto mmoja, ambaye kwao ni upande wa Migato, alichora visanduku sita. Katika cha kwanza palikuwa na lambo lililokauka. Cha pili kilionyesha trekta lisilo na magurudumu, na ndege amejenga kiota penye usukani. Katika cha tatu mizani ya kupimia pamba ilining'inia chini ya mti, wala hapakuwa na pamba. Cha nne kilikuwa na nguzo za umeme zilizofuatana hadi upeo wa macho, waya zake zimekatika. Cha tano kilionyesha nyumba moja ikifuka moshi. Katika cha sita alikuwapo msichana aliyejitwika ndoo, mdogo kama punje ya ulezi, akiielekea nyumba ile. Hapakuwa na vita wala neno lolote.

Niliandika kwa wino mwekundu, "Hadithi iko wapi?" Nikampa alama 4 katika 10. Alilichukua daftari lake bila kusema kitu, na muhula ule wote hakuchora tena ila roketi.

Hadithi ilikuwapo, ila mimi sikujua namna ya kuisoma. Namna hiyo nilijifunza baadaye, kwa kusoma hadithi za picha zinazotoka Japani, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa kwa manufaa ya mwalimu mtarajiwa.

Hadithi za picha za Kijapani

Kwa Mswahili wa pwani, Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa Omani. Wajapani nao wana neno lao lenye matamshi hayo hayo, nalo lina maana ya hadithi zinazosimuliwa kwa picha zilizopangwa katika visanduku, zikisomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nchini Japani hadithi hizo husomwa na watoto, vijana na watu wazima, na miongoni mwake zimo nyingi za kubuni zinazohusu sayansi na nyakati zijazo. Osamu Tezuka alianza mwaka 1952 hadithi ya mtoto roboti mwenye nguvu, ambaye nje ya Japani anajulikana kwa jina la Astro Boy. Hadithi hiyo ilipendwa mno, na wengi waliofuata waliiga njia yake, yaani kuwa na shujaa, adui, mapambano na ushindi. Njia hiyo ina uzuri wake, nami siibezi. Watoto wangu wenye roketi walikuwa wakiifuata bila kujua imetoka wapi.

Lakini iko njia ya pili. Kati ya mwaka 1994 na 2006, Hitoshi Ashinano alichora hadithi iitwayo Yokohama Kaidashi Kikō, iliyokusanywa katika juzuu 14. Mhusika wake mkuu ni Alpha, roboti mwenye umbo la mwanamke kijana, ambaye anaendesha mkahawa mdogo kwenye rasi ya Miura, kusini ya Yokohama. Mwenye mkahawa ameondoka safari ya mbali. Wateja ni wachache, na siku nyingine hapafiki hata mmoja. Alpha hupanda pikipiki yake ndogo kwenda kununua buni, huzungumza na mzee wa kituo cha mafuta, hutazama machweo ya jua, kisha hurudi nyumbani. Ukimweleza mtu matukio ya kitabu hicho, atakuuliza swali lile lile nililomwuliza mtoto wa Migato.

Lakini tazama mahali penyewe. Barabara inateremka kilimani na kuingia baharini, kwa maana bahari imepanda. Miji ya pwani iko chini ya maji, na usiku taa za barabarani zilizozama bado zinawaka humo majini. Watu wamepungua, na majani yanaota katika njia zilizokuwa kuu. Mwandishi haelezi kwa nini bahari ilipanda, wala hasemi watu walikwenda wapi. Msomaji anaiona taa inayowaka chini ya maji na mara anajua mambo matatu: palikuwa na mji, mji umekwisha, na bado yapo masalio yake yanayoendelea na kazi ingawa hapana wa kumulikiwa. Mambo hayo yangehitaji kurasa nyingi za maelezo, lakini picha moja ya mahali imeyatosheleza.

Mfano wa pili ni Blame! ya Tsutomu Nihei, iliyotoka kati ya mwaka 1997 na 2003. Nihei alipata kufanya kazi za ujenzi kabla ya kuwa mchoraji, na jambo hilo linaonekana katika kila ukurasa. Mtu mmoja anatembea ndani ya mji usio na mwisho, wenye tabaka juu ya tabaka, ambao unaendelea kujengwa na mashine zisizotawaliwa tena na mtu. Kurasa nyingi hupita bila neno. Kuna ngazi, nguzo, madaraja na mashimo yasiyoonekana kina chake, na mtu yule ni nukta tu katikati yake. Hapa mandhari ndiyo adui mwenyewe, kwa kuwa mji umemshinda mwanadamu aliyeujenga. Yafaa niseme wazi kwamba kitabu hiki kina umwagaji damu mwingi, wala hakifai kupelekwa darasani kwa watoto. Nakitaja kwa ajili ya mwalimu aliyekomaa, aone jinsi ukubwa wa mahali unavyoweza kusema jambo ambalo mhusika hakulisema.

Scott McCloud, mchoraji wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu sanaa ya hadithi za picha kwamba kisanduku huweza kufuatana na kingine kwa njia mbalimbali. Njia iliyozoeleka sana ni ya kutoka kitendo hadi kitendo. Lakini aliona kwamba Wajapani hutumia pia, kuliko wachoraji wa Magharibi, njia ya kutoka sehemu moja ya mahali hadi sehemu nyingine: dirisha, kisha kikombe, kisha mvua juu ya paa. Wakati hausogei, na jicho ndilo linalotembea. Hiyo ndiyo njia aliyoitumia mtoto wangu katika visanduku vyake sita, naye hakupata kufundishwa na mtu.

Je, njia hii ni ngeni kwetu?

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Wajapani, na kwamba hadithi zetu ni za vitendo na mafunzo. Nakubali kwamba wachoraji wetu mashuhuri wametegemea zaidi watu kuliko mahali. Christian Gregory aliyemchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Philip Ndunguru aliyechora katika jarida la Sani, walituachia sura za watu tunazozikumbuka hadi leo. Katika riwaya vilevile, Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani katika kitabu chake cha mwaka 1951, lakini nguvu ya kitabu hicho iko katika hoja zinazotolewa barazani. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake nchi ya mbali kwa chombo kirukacho angani, na huko nako kinachotafutwa hasa ni mfano wa jamii njema.

Hata hivyo, anayesema kwamba njia ya mandhari haimo kabisa katika simulizi zetu hajasikiliza vizuri masimulizi ya Wasukuma. Watoto wengi wa Simiyu wanaijua hadithi ya zimwi Shing'weng'we, lililowameza watu wote pamoja na mifugo yao. Alinusurika mwanamke mmoja tu mja mzito, aliyejificha katika makapi ya nafaka, akajifungua mtoto aliyeitwa Masala Kulangwa. Mtoto huyo ndiye atakayeliua zimwi na kuwatoa watu tumboni mwake. Sisi walimu tunapoisimulia tunakimbilia mapambano. Lakini simama kidogo kabla ya mapambano, uutazame ulimwengu anaozaliwa Masala Kulangwa. Nyumba zipo, wenyewe hawapo. Mazizi yako wazi bila ng'ombe. Vinu vimesimama na michi imelala. Mama na mtoto ndio peke yao wanaowasha moto katika nchi nzima. Mtoto anapomwuliza mama yake watu wengine wako wapi, swali hilo linamtoka kwa sababu mahali penyewe pamemwuliza kwanza.

Ulimwengu huo hauko mbali na ule wa Alpha, wala na ile nyumba moja iliyofuka moshi katika daftari la mtoto wa Migato. Sijui kama mtoto yule aliifikiria hadithi ya Shing'weng'we alipokuwa akichora. Najua tu kwamba mimi, mwalimu wake, sikuifikiria.

Masharti ya mandhari kubeba hadithi

Yafaa tujihadhari pia na upotofu wa upande wa pili. Si kila picha ya mahali ni hadithi. Mtoto akichora mlima, jua na miti mitatu, amechora pambo. Kwa kadiri nilivyochunguza, mandhari hubeba hadithi iwapo masharti matatu yametimizwa.

Sharti la kwanza ni kwamba mahali paonyeshe badiliko. Pawe na kitu kilichokuwa kikifanya kazi fulani na sasa hakiifanyi, au kinaifanya bila sababu. Mizani isiyo na pamba ni badiliko, na taa iwakayo chini ya maji ni badiliko.

La pili ni kwamba awepo mtu mwenye haja ya kawaida. Alpha anataka buni, na msichana wa ndoo anataka maji. Haja hiyo ndogo ndiyo inayotupimia ukubwa wa mahali. Pasipo mtu, mahali pakiwa kimya hatujui ni kimya cha nani.

La tatu, ambalo linahusu hasa hadithi za kisayansi, ni kwamba mahali pawe na kanuni, na kanuni hiyo iheshimiwe hadi mwisho. Chukua mfano wa maji kupanda. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2 kufuatia mvua kubwa. Kwa hiyo mtoto wa Simiyu hana haja ya kuazima bahari ya Yokohama, kwani mto Simiyu wenyewe unamwaga maji yake katika ziwa hilo. Lakini akitaka kuchora ziwa likifika mlangoni pa shule yake, mwulize: uso wa ziwa uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Bariadi imeinuka zaidi ya hapo, je, maji yatapandaje? Atalazimika kufikiri. Huenda ataamua kwamba ziwa limeimeza pwani yake tu, na watu wa huko wamehamia kwao na ng'ombe wao na mitumbwi yao. Mtumbwi uliolala katika mbuga ya udongo mweusi, mbali na maji, ukigeuzwa kuwa hori la kunyweshea ndama, ni picha yenye hadithi. Isitoshe, mtoto amejifunza jiografia bila kujua kwamba anafundishwa.

Namna ya kulifundisha somo

Napendekeza vipindi vitatu, navyo havihitaji kitabu chochote kutoka Japani.

Katika kipindi cha kwanza, watoe wanafunzi nje ya darasa. Kila mmoja ataje vitu kumi anavyoviona au anavyovijua kijijini kwake. Mtoto wa Migato atataja migunga, ngitili ya majani ya kiangazi, maksai na plau, josho, mnada wa ng'ombe, shamba la pamba, mnara wa simu. Visiwe vitu vya vitabuni. Kisha wavigawe katika mafungu mawili: vitakavyokuwapo baada ya miaka 100, na vitakavyokuwa vimetoweka. Waache wabishane. Mabishano kuhusu kama plau itakuwapo au haitakuwapo yana sayansi, uchumi na historia ndani yake.

Katika kipindi cha pili, kila kundi lichague badiliko moja tu. Labda mvua zimehama majira yake, labda watu wote wamehamia mjini, labda tembo wa pori la akiba la Maswa wamezoea kuishi vijijini kama mbuzi. Kutokana na badiliko hilo wataje matokeo matatu yanayoonekana kwa macho. Mwalimu akatae tokeo lolote lisiloonekana kwa macho, kwa mfano "watu wana huzuni," mpaka litafutiwe kitu cha kulionyesha.

Katika kipindi cha tatu, wachore visanduku vinne. Cha kwanza kiwe mahali bila mtu. Cha pili kiwe kitu kimoja kilichobadilika, kikitazamwa kwa karibu. Cha tatu kiwe mahali tena, na mtu akionekana mdogo. Cha nne kiwe mtu huyo akifanya kazi yake ya kila siku. Chini ya kila kisanduku waandike sentensi moja isiyorudia yale ambayo picha imekwisha kuyasema. Sharti hili la sentensi ni gumu kuliko yote, na ndilo lenye faida kubwa kwa lugha yao. Kama karatasi hazitoshi, kundi la watoto watano litumie moja, au wachore ardhini kwa kijiti na kuandika sentensi katika madaftari.

Katika kusahihisha, tuzo la alama 10 laweza kugawanywa hivi: alama 3 kwa badiliko lenye sababu, alama 3 kwa mahali panapotambulika kuwa ni pa mtoto mwenyewe, alama 2 kwa mtu mwenye haja, na alama 2 kwa usafi wa lugha. Uzuri wa mchoro usipewe alama, maana hili ni somo la utungaji, na mtoto asiye na mkono wa kuchora asidhulumiwe.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, kwamba mitihani hutaka tukio, na kwamba muda hautoshi. Lakini mtoto aliyezoea kuona mahali hakosi tukio la kuandika, kwa sababu tukio humea mahali kama mbegu shambani. Anayeanzia kwenye tukio la kuazima ndiye anayeishiwa baada ya aya ya pili, akaandika kwamba wote wakafa, au kwamba aliamka na kumbe ilikuwa ndoto. Sote tumeyasahihisha madaftari ya namna hiyo.

Liko jambo zito zaidi. Mtoto wa kijijini anapopewa kazi ya kuwaza nyakati zijazo, aghalabu huamini kwamba nyakati hizo ni mali ya miji mikubwa ya ng'ambo. Huchora maghorofa kwa kuwa hapana aliyemwambia kwamba Migato nayo itafika mwaka 2100, ikiwa na lambo lake, migunga yake, na watu wake au bila wao. Tukikubali mandhari kuwa hadithi, tumemruhusu mtoto huyo kuyafikiria mambo yatakayokuwa kwa kuanzia hapo aliposimama. Tukikataa, tunamfundisha kwamba mahali pake hapastahili kuwazwa.

Eneo la Bariadi lilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na mtoto yule sasa ni mtu mzima. Sina daftari lake, ila visanduku vile sita navikumbuka kwa utaratibu wake, pamoja na maneno niliyoyaandika chini yake. Wewe unayejiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, siku utakapokutana na ukurasa usio na tukio, usiinue kalamu nyekundu upesi. Utazame mahali palipochorwa kwa muda wa kutosha, kisha mwulize mtoto swali ambalo mimi sikuliuliza: "Hapa ni wapi, na pamepatwa na nini?"